Meli Imenifuata Milimani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Firdausi kaniandama tena leo na habari ya masufuria. Wifi yangu huyu hana maneno mengi, lakini akikazana na jambo utadhani anachambua mchele. Kwa nini nawapikia wateja maharage nusu sufuria, yakiisha nainjika tena nusu? Mkaa unateketea bure! Nikamwambia ndivyo nilivyozoea. Akasema, wifi, hapa Kasulu sufuria haitembei.

Kweli haitembei. Hapa hakuna kitu kinachotembea ila vumbi.

Miaka ishirini na mbili nimepika ndani ya MV Mwangaza, Kigoma kwenda Kasanga, Kasanga kwenda Mpulungu, na kurudi. Ukijaza sufuria hadi shingoni, wimbi moja tu, mchuzi wote uko miguuni mwako. Mkono wangu ukifika nusu unaacha wenyewe. Siuamrishi.

Nimempigia Serahangi Abdulrahmani, hapokei. Wiki ya pili sasa. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa mabaharia, na ndiye aliyeachwa kuilinda meli bandarini tangu injini ilipokufa. Sisi wengine tulishushwa, tukaambiwa tusubiri: ikitengenezwa mtaitwa. Wa kwanza wewe, Mpishi, waliniambia, meli haiendi bila jiko. Basi nasubiri. Ndugu yangu Nurudini, mume wa Firdausi, akanichukua kwake, akanipa jiko la mgahawa wake karibu na stendi. Nashukuru, sisemi uongo. Ila mwaka wa kumi huu, na bado naishi hapa kama msafiri aliyeketi na mkoba wake mapajani.

Mguu umevimba. Nimekunywa dawa ya presha.

Jumatano, 6 Agosti

Moshi kutwa. Wanachoma majani upande wa Heru Juu, na vilima vyote vimepotea. Afadhali! Vikipotea nafsi inapumua. Kila nikiinua macho hapa nakutana na kilima. Jicho langu lilizoea kwenda mbali.

Kijana wa bodaboda anayekula kwetu mchana alinikejeli. Nilisema "bahari", akacheka. Bi Mkubwa, lile si ziwa tu? Bahari iko Dar! Nikamuuliza, umewahi kuwa katikati yake, hakuna Kongo, hakuna Tanzania, mvua imefunga, na sufuria zinagongana? Akasema hapana. Basi kula maharage yako. Sisi wa melini tuliita bahari, na hakuna aliyetusahihisha tukiwa ndani yake.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa nilipoiona mara ya kwanza. Mama alinipeleka Ujiji kwenye harusi ya shangazi. Nilisimama ukingoni hadi viatu vikajaa maji, nikachapwa, nikarudi tena kusimama. Mama akasema mtoto huyu kaingiwa. Kweli niliingiwa. Sijatokwa hadi leo.

Leo nimekumbuka kapu langu. Vijiji vingi kule kusini havikuwa na gati. Meli inasimama mbali, mitumbwi inakuja mbio, watu wanapanda kwa kamba, mbuzi wanapandishwa, kelele! Mimi nafungua mlango wa jikoni, ule wa ubavuni, nateremsha kapu kwa kamba. Wanawake wa mitumbwini wananijua. Mpishi, shusha! Napandisha migebuka bado inapiga mikia. Samaki wa hapa Kasulu anafika amekauka, amekunja uso. Namuelewa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mgahawa umejaa watu wa maonyesho, miguu yangu yote miwili sasa inalia.

Fuso la Nurudini limefika asubuhi kutoka Kigoma, Shamsi anaendesha. Limefunikwa turubai, limelemewa nyuma. Halikusimama hapa kama kawaida, limepitiliza hadi kwa mafundi wa kuchomelea mageti. Nikauliza, mzigo gani huo? Nurudini akasema chuma cha daraja bovu, kamnunulia fundi wake. Daraja lipi? Akasema la huko.

Halafu akasema, Dada, usihangaike tena kupeleka chakula kwa mafundi, atapeleka yule binti wa vyombo. Mguu wako huo.

Tangu lini anauonea huruma mguu wangu? Juzi tu alinituma sokoni kwa vitunguu!

Jumamosi, 9 Agosti

Binti wa vyombo hakuja. Nimepeleka chakula mwenyewe.

Fundi mkuu pale ni Floribert. Mkongomani, alikulia kambi ya wakimbizi Nyarugusu, kisha akaoa Heru Juu na kubaki. Mtu mpole. Aliponiona mlangoni na hotpoti alivua miwani ya kuchomelea, akasimama mbele yangu kabisa, kama mtu anayeziba mlango wa choo. Mama, weka tu hapo inje, nitabeba. Nikasema chakula kina moto, nipishe.

Nikaingia.

Vipande vimeegemezwa ukutani. Rangi ya maziwa juu, chini yake kijani, chini ya kijani nyekundu ile ya kuzuia kutu. Nikasema moyoni, rangi kama zetu. Mtu haruki mara moja hadi kwenye msiba, anazunguka kwanza. Kisha nikaona kipande kirefu kilichosimama. Fremu ya mlango. Upande wa kulia, usawa wa kiuno changu, chuma kimelika, kimekuwa laini na kung'aa, kimeingia ndani kidogo.

Ni mimi niliyekilainisha. Kwa kisu. Kila asubuhi, kabla ya vitunguu, nilikuwa nanoa pale. Kapteni alinikataza, nikaendelea, akaacha.

Nikaweka kidole gumba pale. Kikaingia mahali pake.

Floribert akasema kwa sauti ya chini, Mama, unisamehe. Patron, ndugu yako, aliniambiaka nisikwambie. Hii ni ya masuwa, ile meli yenu. Bako naikata kule Kigoma, kidogo kidogo, banaanza na juu. Nikamuuliza, hiki unakifanya nini? Akasema geti ya mutu moja wa Manyovu. Akaongeza, na miye nilipandaka ile masuwa, Mama. Nilikuwa mutoto wa mugongo. Vita ya kwetu. Mama yangu alisema banatuvuta juu na kamba, na mama moja akatupatia uji.

Nilipika uji mwingi mwaka ule. Watoto wengi walivutwa. Wengine nilikwenda kuwapokea mwenyewe kwenye mlango wangu, wengine kwa kapu la samaki, kwa sababu mama zao mikono iliwaishia nguvu. Huenda alikuwa yeye. Huenda siye. Niliacha hotpoti nikarudi nyumbani kwa miguu, nikapita njia ya mbali.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala kutwa. Nimewaambia ni mguu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemkabili Nurudini. Asubuhi, dukani kwake, kabla wateja hawajaanza. Nilifunga mlango mmoja.

Nikamuuliza, daraja lako lile, lilikuwa na jiko?

Akaketi juu ya gunia la sukari. Mdogo wangu huyu ana tumbo na ndevu za mvi, lakini akishikwa anakuwa vilevile mtoto aliyekula halua ya wageni. Akasema, Dada, ningekuambia vipi?

Kwa mdomo, nikasema.

Akaeleza. Kampuni imeuza meli kwa chuma chakavu. Yeye na mwenzake wa Kigoma wamenunua. Asingenunua yeye angenunua mwingine, ingekwenda viwandani ikayeyushwa. Maneno ya biashara. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza, na mimi? Mimi ulipanga nijue lini?

Hapo akanijibu jambo ambalo sijui kama nimsamehe au nimpige. Akasema: sikutaka ujue kamwe. Dada, wewe miaka yote hii unaamka ukisubiri simu. Unajipaka mafuta, unafunga kilemba, unaiweka simu mfukoni mwa aproni. Ningekuondolea simu hiyo, ungeamkia nini?

Nimekasirika. Kwa sababu amesema kweli! Mtu mwenye biashara ya sukari na misumari, kumbe alikuwa ananitazama.

Basi haiji. Hakuna wa kuniita. Niandike tu wazi nijisomee mwenyewe: sitarudi melini. Sitafungua tena mlango ule asubuhi nikaikuta bahari nyeupe kama sahani. Nina huzuni. Nina huzuni nzito, na huku milimani sina hata pa kuitazamisha.

Alhamisi, 14 Agosti — Kibondo

Msiba. Baba mdogo wa Firdausi amefariki, tumekuja juzi. Nimejitolea kupika, wakafurahi. Kwenye msiba hakuna anayeuliza kwa nini mtu analia juu ya vitunguu.

Kibondo baridi asubuhi, watu wamejifunga mashuka. Jana jioni nilitumwa chumvi. Duka liko mkabala na ghala la mahindi, na ghala lina geti jipya. Sikutaka kutazama. Nikatazama. Rangi ya maziwa, na herufi kubwa nyeusi: N, G, A. Zimekaa kichwa chini miguu juu. Fundi hakujali, kageuza bati kama lilivyotosha. Ni jina letu lile, lile la ubavuni. Nililiona likipakwa upya kila mwaka, vijana wananing'inia kwa kamba na ndoo, wanaimba matusi.

Mama mwenye ghala akanikuta nimesimama. Mwakeye, akanisalimu, nikaitikia. Akapiga geti kwa kiganja, akajisifu. Chuma hiki, mama, si kama haya mabati ya siku hizi! Mwizi atakesha! Hata panya hapiti!

Nikamwambia kweli ni chuma kizuri. Akaniuliza, unakijua? Nikasema kidogo.

Kingine, aliniambia, kimekwenda Busunzu, kwenye nyumba ya mtu. Kingine Manyovu. Niliondoka majini nikaja milimani, na meli nayo imenifuata milimani, vipande vipande, kwenye fuso. Tumekuwa wakimbizi wawili. Na wote wawili tumepata kazi kwa watu: mimi kupika maharage, yeye kulinda mahindi!

Nimecheka peke yangu njiani kama mwehu. Kisha nikasahau chumvi, nikarudi tena.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumerudi Kasulu. Serahangi amepiga!

Nilikuwa namenya ndizi. Nikaona jina, nikaiacha iite kidogo, nilitaka aonje kusubiri. Nikapokea. Akasema, Mpishi, nilikatazwa kukwambia. Na mimi kukudanganya wewe siwezi. Ndiyo maana nilikuwa sipokei.

Nilikuwa nimemwandalia matusi. Yote yalipotea. Sauti yake imezeeka, ina mchanga ndani.

Akaniambia mambo yalivyo. Wamekata sehemu ya juu hapo hapo kwenye maji, lakini bandari haitaki tena, cheche na kelele. Kwa hiyo mwili uliobaki utavutwa kwa boti hadi ufukweni, kusini ya Ujiji, upandishwe mchangani, umalizwe huko. Jumapili ijayo asubuhi, tarehe ishirini na nne, wakati maji yametulia. Watakuwa watu wachache juu yake, wa kuangalia kamba na pampu. Yeye mmojawapo.

Nikauliza, na jiko?

Akasema, jiko lipo, Mpishi. Ukuta mmoja wameng'oa, ule wenye mlango wako. Ukisimama pale sasa unaiona Kongo yote.

Kwa hiyo itaelea. Mara moja tena itatoka bandarini, itaacha gati, itakuwa na maji pande zote. Bila injini, bila filimbi, inaburutwa kama mbuzi — lakini itaelea!

Nikamwambia, hao watu wachache watakula nini?

Akacheka hadi akakohoa. Njoo, Mpishi. Kwa mimi njoo hata leo. Lakini getini hawaingizi mtu bila neno la mwenye mali. Na mwenye mali unalala nyumbani kwake.

Sina hamu ya kitu kingine duniani. Nimekaa hapa uani naandika na vidole vinanata utomvu wa ndizi. Mara moja tu. Nisimame jikoni mwangu ikiwa inatembea. Baada ya hapo wakate watakavyo.

Jumatatu, 18 Agosti

Amekataa.

Nilichagua wakati mzuri, ameshakula, ameshaswali isha. Nilimwomba kwa adabu. Mimi, dada yake mkubwa niliyembeba mgongoni, nimekaa kwenye mkeka nikamwomba. Sikuomba pesa, sikuomba shamba. Neno moja tu kwa watu wa getini.

Akasema hapana, Dada. Chuma chenyewe kimechoka, chini kinavuja, pampu ni moja. Juu wamekipunguza, hakuna anayejua kitakaa vipi kwenye wimbi. Na wewe presha, na mguu. Ukitumbukia? Watu wa Kasulu watasema Nurudini kamuua dadaye kwa skrepa!

Nikasema, watasema siku tatu, watachoka.

Akainuka, akaketi tena. Akasema mimi sijui ukipendacho huko. Wallahi sijui. Ulinipandisha mara moja nikiwa kijana, unakumbuka? Nilitapika kutoka Kigoma mpaka nilipoteremka, nimekumbatia bomba, nikaapa sitakanyaga tena kitu kinachotikisika. Nikikuota usingizini ndani ya kile kitu najiona mimi ndiye ninayezama.

Firdausi alikuwepo, anashona kitufe. Hakuinua kichwa. Nilimtazama anisaidie, akakata uzi kwa meno.

Ninamchukia Nurudini leo. Niandike hivyo, ni kitabu changu. Kesho pengine nitampenda tena, ni mdogo wangu. Leo hapana.

Jumanne, 19 Agosti

Simpikii. Nawapikia wateja tu. Amekula mkate na chai ya dukani.

Jumatano, 20 Agosti

Fuso limekuja, na safari hii limesimama kwetu. Shamsi na mafundi wanne wameteremsha kitu kwa magogo na laana. Nurudini amesimama pembeni anajifuta jasho, haniangalii usoni.

Jiko langu.

Lote. La chuma, na milango yake miwili, na zile nondo zilizozunguka juu. Amelitoa zima, halijaguswa na gesi ya kukatia. Akasema, Dada, hili siuzi. Ni lako. Nitakujengea kibanda chake. Kila mtu uani akatabasamu, wakanisubiri nifurahi.

Nilisema ahsante. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Niliingia ndani, nikajifungia chooni nikalia na kanga mdomoni.

Halikai sawa! Ndilo lililonimaliza. Miguu ya jiko lile ilikatwa isilingane, kwa sababu sakafu ya jikoni mwetu ilikuwa na mteremko wa kutoa maji. Huku kwenye saruji ya Nurudini limeinama kama mlevi. Fundi akasema ataweka tofali. Nikasema asiweke.

Jioni kuku wameshapanda juu yake. Nilikaa karibu nalo kwenye kigoda. Firdausi akaja akakaa na yeye. Baadaye akaigusa ile nondo ya mbele. Wifi, hizi za nini? Nikamwambia za kuzuia sufuria zisiteleze. Akauliza, na zikizuiwa, mchuzi haumwagiki? Nikasema unamwagika vilevile, ndiyo maana unaweka nusu.

Akasema, kumbe.

Akaniuliza, ulikuwa unaogopa? Hajawahi kuniuliza kitu kuhusu melini tangu nije. Hakuna aliyewahi. Nikamwambia niliogopa mara nyingi. Nilikuwa naogopa huku napika. Usiku mmoja karibu na Kipili tulipigwa hadi kapteni akavaa kanzu yake safi ili afe nayo, na mimi nikaendelea kukoroga ugali kwa sababu watu walikuwa na njaa, na nilikuwa na raha, Firdausi, nilikuwa na raha ambayo sijaipata kwenye nchi kavu hata siku moja. Hata siku ya ndoa yangu. Mume wangu alijua, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa injini.

Alifukuza kuku.

Alhamisi, 21 Agosti

Upepo wa vumbi. Serahangi kapiga, nimemwambia neno halijatoka. Akasema basi, Mpishi, tutakuwekea nafasi tu, nafasi haili chakula.

Kichwa kinauma. Nimeona haya kumwambia kuwa wamelileta jiko huku. Lakini anajua, alikuwepo wakiling'oa. Naye kaona haya kuniambia.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemwambia Nurudini baada ya swala, pale pale mlangoni pa msikiti, watu wanavaa viatu: nitakwenda. Akasema, Dada, si hapa. Nikasema basi wapi? Akavaa kiatu cha mtu, akavua, akavaa chake.

Akasema getini hawatakuingiza. Nikasema nitakaa getini.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika ndani ya fuso. Kiti cha mbele, upande wa dirisha. Mwandiko mbaya, mguu nimeuegemeza kwenye dashibodi, Shamsi atanisamehe.

Fuso linarudi tupu Kigoma leo kufuata mzigo. Nilikuwa najua. Asubuhi nimepika chai ya wateja, nikavua aproni, nikaitundika. Nina mkoba mmoja, na kisu changu nimekifunga kwenye kitambaa. Shamsi alikuwa anajaza matairi upepo. Nikapanda. Akasema, Bi Mwajabu, bosi anajua? Nikamwambia nenda kamuulize. Mjinga, akaenda!

Nurudini amekuja na kandambili. Kasimama hapa chini ya mlango, kaushika ufunguo wa gari. Alimnyang'anya Shamsi. Akasema, Dada, shuka tuongee. Nikasema ongea, nakusikia. Akasema watu wanatazama. Kweli wanatazama, stendi nzima, hadi yule wa bodaboda kasimama juu ya pikipiki yake. Nikasema waache watazame, mimi nimeketi tu, kuketi si kosa.

Jua limeshafika kwenye kioo.

Firdausi ametoka ndani. Amekatiza kwenye uwanja polepole, na mfuko wa dawa zangu, na sweta lake jekundu, lile la kwenda Kibondo. Hakumtazama mumewe. Ameninyooshea dirishani. Akasema, wifi, za asubuhi umeshakunywa? Nikasema bado. Akasema, kunywa. Akarudi ndani. Ni hayo tu.

Nurudini amemtazama hadi alipoingia mlangoni.

Nimekunywa dawa. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Amezunguka mbele ya gari. Nilidhani anaondoka. Amefungua mlango wa dereva, amepanda na tumbo lake lote, amesogea hadi katikati, karibu yangu. Ameketi. Ananukia sukari na jasho. Ufunguo bado umo kwenye ngumi yake, hajautoa. Anatazama mbele, barabara ya Kigoma, hakuna kitu pale ila vumbi na mama mmoja na mzigo wa kuni.

Sasa hivi kaniuliza. Kwa sauti ndogo, Shamsi asisikie.

Dada, ikivutwa, mtu anashika wapi?

Nimeushika mkono wake, ule wenye ufunguo. Shamsi anapiga mlango kwa kiganja, anauliza, jamani, tunaenda au hatuendi?